Mimea dhidi ya ugonjwa wa Alzheimer: iliyoweza, iliyoshindwa na inayosubiri

Ukipanda basi Kampala kuelekea Mbarara, Gulu au Arua, mara nyingi kabla dereva hajaondoa gari hupanda muuza dawa na kuanza kuhubiri. Chupa aliyoishika inatibu presha, sukari, vidonda vya tumbo na maumivu ya mgongo, na siku hizi orodha imerefuka: inarudisha kumbukumbu za wazee. Abiria wa siti ya nyuma anatoa noti kwa sababu nyumbani amemwacha mama anayeuliza swali lile lile tangu chai ya asubuhi, anayeficha pesa zake kisha kumshtaki mjukuu kwa wizi, na ambaye juzi alipotea kwenye njia ya kanisani aliyoipita miaka arobaini. Abiria huyo si mjinga. Amesikia kwamba dawa nyingi za hospitali zilitoka kwenye mimea, na alichosikia ni kweli. Tena, kati ya dawa chache mno zinazotolewa duniani kwa ugonjwa wa Alzheimer, mbili zina asili ya mmea. Kinachohitaji kufafanuliwa ni umbali uliopo kati ya ukweli huo na ile chupa.

Mwaka 1906, mjini Tübingen, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer aliwaeleza wenzake habari za mgonjwa wake Auguste Deter, mwanamke aliyeanza kupoteza kumbukumbu na kumwonea mumewe wivu usio na sababu akiwa na umri wa miaka hamsini na kitu. Alipofariki, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini akaona mambo mawili: mabaka kati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Leo tunajua kwamba mabaka yale ni protini iitwayo beta-amiloidi, na nyuzi zile ni protini nyingine, tau. Mwaka 1910 Emil Kraepelin akauita ugonjwa huo kwa jina la mwenzake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Demensia ni jina la jumla la kupotea kwa kumbukumbu, fikra na uwezo wa kujitunza. Alzheimer ndiyo chanzo chake kikubwa, kati ya asilimia 60 na 70. Uganda ni nchi ya vijana, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba jambo hili ni la Ulaya. Lakini wazee wetu wanaongezeka, na mzigo wa kuwatunza unaangukia mabinti, wakwe na wajukuu, mara nyingi bila mtu yeyote kuwaambia kinachoendelea. Familia husema jajja (bibi au babu) amezeeka, au amerogwa. Mwaka mzima unaweza kupotea kwa njia hiyo kabla mtu hajafikiria hata kumpima presha.

Maharagwe ya hukumu

Seli za neva huwasiliana kwa kutumiana kemikali. Mojawapo ni asetilikolini, ambayo ubongo unaihitaji sana kwa kumbukumbu na umakini. Seli moja huitoa, nyingine huipokea, kisha kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi huivunja papo hapo ili ujumbe usiendelee kujirudia. Katika miaka ya 1970 watafiti waligundua kwamba kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer mfumo wa asetilikolini umeharibika vibaya. Hapo likazaliwa wazo jepesi: ikiwa asetilikolini iliyobaki ni kidogo, basi tuzuie kimeng'enya kisiivunje haraka, ili hicho kidogo kifanye kazi kwa muda mrefu zaidi.

Mimea ilikuwa na ujuzi wa kukizuia kimeng'enya hicho tangu zamani. Mmea hauwezi kukimbia mdudu wala mbuzi, hivyo hujilinda kwa kemikali, na kemikali inayovuruga neva za anayeutafuna ni ulinzi mzuri.

Kusini-mashariki mwa Nigeria, eneo la Calabar, kuna mmea unaotambaa ambao wanasayansi huuita Physostigma venenosum. Maharagwe yake, yaliyoitwa esere, yalitumiwa kuhukumu kesi. Mtu aliyeshutumiwa kwa uchawi alipewa ayameze. Akitapika na kupona alihesabiwa hana hatia, akifa kesi imekwisha. Wamisionari waliyapeleka Scotland, na mwaka 1855 Profesa Robert Christison wa Edinburgh alikula kipande yeye mwenyewe ili ajue yanafanya nini. Alipohisi nguvu zinamwishia alikunywa maji aliyonyolea ndevu ili atapike, na akanusurika. Mwaka 1864 wakemia wawili Wajerumani, Jobst na Hesse, walikitenga kiini chenye sumu, fisostigmini. Mwaka 1935 mkemia Mmarekani mweusi Percy Julian, mjukuu wa watu waliokuwa watumwa, alifaulu pamoja na mwenzake Josef Pikl kuitengeneza maabara bila kuhitaji haragwe hata moja.

Fisostigmini huua kwa kukizuia kile kimeng'enya. Asetilikolini inarundikana mwili mzima: mate yanamwagika, mapigo ya moyo yanashuka, misuli inatetemeka kisha inalegea, pumzi inakatika. Wakulima wa nyanya na kabichi wanaijua hali hiyo hata kama hawajui jina lake, kwa sababu dawa za wadudu za kundi la kabamati zilibuniwa kwa kufuata umbo la fisostigmini. Kijana aliyepulizia shamba bila kujifunika pua na mdomo, jioni akawa anatoka mate na kutetemeka, ameguswa pale pale haragwe la Calabar linapogusa. Wazo kwamba kitu cha mmea hakiwezi kudhuru linavunjika hapa, mbele ya mmea uliotupatia dawa ya ubongo.

Maana dawa ilikuja kweli. Fisostigmini yenyewe ilijaribiwa kwa wagonjwa, lakini ilikwisha mwilini upesi mno na iliwachafua tumbo. Marta Weinstock-Rosin wa Chuo Kikuu cha Hebrew, Jerusalem, aliongoza kazi ya kulirekebisha umbo lake ili ifanye kazi taratibu na kwa muda mrefu. Matokeo ni rivastigmini, iliyokubaliwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2000, na mwaka 2007 ikaja kwa namna ya kibandiko cha ngozi. Kibandiko ni msaada mkubwa: mgonjwa anayekataa vidonge, au anayesahau kama amemeza, anabandikwa mgongoni mara moja kwa siku na tumbo lake linapata nafuu.

Dawa ya pili ilianzia kwenye ua. Galanthus ni ua dogo jeupe linalochomoza Ulaya wakati theluji bado ipo chini. Katika miaka ya 1950 wanasayansi wa Urusi ya Kisovieti na wa Bulgaria waliichunguza alkaloidi yake, yaani kemikali kali ya mmea, iitwayo galantamini. Huko Sofia, Dimitar Paskov na wenzake waliigeuza kuwa dawa iliyouzwa kwa jina la Nivalin, ikitumika kwa watu waliopooza kwa polio na kwa magonjwa mengine ya neva. Nchi za Magharibi zilichelewa sana kuitilia maanani. Ilikubaliwa Marekani kwa ugonjwa wa Alzheimer mwaka 2001, karibu nusu karne baadaye. Leo hutengenezwa maabara, na pia huvunwa kutoka kwa mimea ya jamii hiyo. Huko Wales wapo wakulima wanaopanda maua ya dafodili milimani kwa ajili ya galantamini.

Sasa lile ambalo muuzaji hawezi kulisema. Dawa hizi mbili, pamoja na ndugu yao donepezili ambayo haikutoka kwa mmea, haziponyi. Uchambuzi wa majaribio yake uliochapishwa mwaka 2006 ulipima tofauti kati ya wagonjwa waliopewa dawa na wale waliopewa kidonge kisicho na dawa, kwa kipimo cha akili chenye pointi 70. Tofauti ilikuwa kama pointi 2.7. Kwa familia hiyo inaweza kumaanisha miezi kadhaa zaidi ya mama kuvaa nguo mwenyewe au kukumbuka jina la mwanawe, na mimi siwezi kuidharau miezi hiyo. Lakini seli zinaendelea kufa chini chini. Tena dawa hizi zina madhara: kichefuchefu, kuhara, kupungua uzito, na mapigo ya moyo kwenda polepole, jambo la hatari kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Mwenye pumu au vidonda vya tumbo lazima amwambie daktari kabla ya kuanza.

Vipenzi vya watu

Mimea iliyotoa dawa ilikuwa sumu, na viini vyake vilitengwa, vikapimwa kwa miligramu, vikarekebishwa. Mimea inayopendwa zaidi mitandaoni ina historia tofauti kabisa: ni ya chakula na chai, ina sifa njema, na imeshindwa mtihani mmoja baada ya mwingine.

Ginkgo ndiyo iliyopimwa vizuri kuliko zote. Ni mti wa China ambao dondoo la majani yake huuzwa dunia nzima kwa ajili ya kumbukumbu. Marekani iliandaa jaribio la watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi. Nusu walipewa miligramu 120 za ginkgo mara mbili kwa siku, nusu kidonge kisicho na dawa, wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka sita. Matokeo yalitoka mwaka 2008: demensia iliwapata waliopewa ginkgo sawasawa na wasiopewa. Ufaransa ikafanya jaribio lake la watu zaidi ya 2,800 kwa miaka mitano, na mwaka 2012 likasema hayo hayo. Baada ya majaribio mawili makubwa namna hiyo, anayekuuzia ginkgo ili kuzuia Alzheimer anauza kitu ambacho jibu lake limeshajulikana. Na kwa mzee anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, ginkgo inaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu.

Manjano yana kisa kirefu zaidi. Kiini chake cha rangi, kurkumini, kinaposhushwa kwenye chupa ya maabara yenye beta-amiloidi hushikamana nayo na kuizuia isijikusanye. Panya waliolishwa kurkumini walionekana kupungukiwa na mabaka. Habari hizo zilienea hadi kwenye vikundi vya WhatsApp vya familia, na watu wakaanza kukoroga kijiko cha manjano kwenye maziwa kila usiku. Tatizo la kwanza ni kwamba kurkumini ikimezwa karibu yote hupita tumboni bila kuingia kwenye damu, na ile kidogo inayoingia ini huigeuza mara moja. Tatizo la pili ni gumu zaidi: kurkumini hudanganya vipimo. Ina mng'ao wake yenyewe na hushikamana ovyo na protini nyingi, kwa hiyo vipimo vingi vya maabara vinavyotumia mwanga husema "imefanya kazi" hata pale ambapo haikufanya kitu. Wakemia waliopitia suala hili mwaka 2017 walikuta kwamba majaribio zaidi ya 120 ya kurkumini kwa binadamu, kwa magonjwa mbalimbali, hayakuwa yametoa hata moja lililofaulu kwa kiwango cha juu, yaani lile ambalo mgonjwa na daktari wote hawajui nani kapewa dawa na nani kapewa kidonge kitupu.

Kwa haki, mwaka uliofuata watafiti wa Los Angeles walitoa matokeo ya watu 40 wasio na demensia waliopewa kwa miezi 18 aina ya kurkumini iliyotengenezwa ili ifyonzwe vizuri, na kumbukumbu zao zikawa bora kiasi. Watu arobaini ni wachache mno kujenga juu yake. Ni sababu ya kufanya jaribio kubwa zaidi, na manjano ya sokoni hayahusiki kabisa na kile walichomeza. Pikeni pilau kwa manjano, ni chakula kizuri.

Hupazini A, kutoka kwa mmea wa China uitwao Huperzia serrata, ilikuwa na tumaini kubwa zaidi kwa sababu nayo huzuia kile kimeng'enya cha asetilikolini. Nchini China imetumika kwa miaka mingi. Jaribio la Marekani la watu 210, lililochapishwa mwaka 2011, halikuona faida kwa dozi iliyokuwa imepangwa kuwa ndiyo kuu; dozi kubwa zaidi ilionyesha dalili kidogo, basi. Resveratroli ya zabibu ilijaribiwa kwa watu 119 kwa mwaka mmoja na haikuleta jibu. Hata mwani umeingia: mwezi Novemba 2019 China iliruhusu kwa masharti dawa iliyotokana na sukari za mwani wa kahawia, ndugu wa mbali wa mwani mwekundu unaolimwa Zanzibar. Jaribio la kimataifa ambalo lingethibitisha madai yake lilisimamishwa mwaka 2022 kabla halijamalizika.

Kwa nini maabara huahidi na mgonjwa hapati

Mtu akisoma kichwa cha habari, "mmea fulani wazuia Alzheimer", ajiulize ulizuia ndani ya nini. Mara nyingi ni ndani ya chupa. Chupa haina tumbo, haina ini, na haina ule ukuta mwembamba unaotenganisha damu na ubongo. Ukuta huo hufanya kazi kama chandarua: hewa inapita, mbu anabaki nje. Viini vingi vya mimea ni vikubwa mno au vina umbo lisilopita, hivyo hata vikifika kwenye damu vinaishia mlangoni.

Halafu kuna panya. Panya kwa asili hapati Alzheimer. Wanaotumika maabara wamewekewa jeni za binadamu zinazowafanya watengeneze amiloidi kupita kiasi wakiwa wadogo. Kumwondolea panya wa namna hiyo mabaka ni kitu kimoja. Kumrudishia kumbukumbu mzee wa miaka 78 ambaye seli zake zimekuwa zikifa kwa miaka ishirini, na ambaye pia ana presha na mishipa iliyochoka, ni kingine. Watafiti waliohesabu dawa zote za Alzheimer zilizoingia majaribio ya binadamu kati ya 2002 na 2012, za mimea na zisizo za mimea, walikuta kwamba asilimia 99.6 zilishindwa. Kwa hiyo mimea haijaonewa. Huu ni ugonjwa unaoshinda karibu kila kitu. Hata zile kingamwili mpya za kudunga, lecanemab na donanemab, zilizokubaliwa Marekani mwaka 2023 na 2024, hupunguza kasi ya ugonjwa kwa kiasi tu, zinahitaji picha za ubongo za mara kwa mara, na zinaweza kusababisha uvimbe au kuvuja damu kwenye ubongo.

Kosa la tatu huwavutia sana watu wa nchi ya kahawa kama yetu. Mwaka 2009 watafiti wa Finland walitangaza kwamba, kati ya watu 1,409 waliofuatiliwa kwa takriban miaka 21, wale waliokunywa vikombe vitatu hadi vitano vya kahawa kwa siku walipata demensia kwa uchache wa asilimia 65. Namba hiyo ni tamu. Lakini hakuna aliyepewa kahawa kwa kura; walichagua wenyewe, na mtu mwenye afya ya kunywa kahawa nyingi katika umri wa kati huenda anatofautiana na jirani yake kwa mambo mengine kumi. Kahawa inaweza kuwa inasaidia. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kulithibitisha.

Yaliyoko kwenye udongo wetu

Uganda ina mimea ya dawa mingi na ina watu wanaoichunguza kwa nidhamu. Ipo taasisi ya serikali ya utafiti wa dawa za asili pale Wandegeya, Kampala. Kipo kituo cha PHARMBIOTRAC katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kinachofundisha wanasayansi wa Afrika Mashariki kuigeuza mitishamba kuwa dawa iliyopimwa. Makerere ina hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa ambayo mtafiti yeyote makini huanzia hapo.

Kwenye vichaka vyetu, mvua zinapoanza, huchomoza ua jekundu la mviringo kama mpira, Scadoxus multiflorus. Liko katika familia moja na yale maua ya Bulgaria na Wales, na familia hiyo nzima ni tajiri kwa alkaloidi. Kwa mwanakemia hilo ni jambo la kufurahisha. Kwa mtu wa kawaida ni onyo, kwa sababu kitunguu chake cha chini ya ardhi kina sumu, na kiasi cha alkaloidi hubadilika kati ya mmea na mmea, udongo na udongo, msimu na msimu. Hakuna jikoni linaloweza kupima tofauti hiyo. Tafadhali, asitokee mtu akamchemshia jajja yake mizizi ya ua hilo kwa sababu amesoma hapa neno galantamini.

Kuna pia mimea inayokwenda kinyume. Mnanaha, unaoota kwenye majalala na kando ya barabara, una atropini na skopolamini, ambazo huziba milango ambayo asetilikolini ilipaswa kuingilia. Kwa mzee mwenye Alzheimer huo ni msumari juu ya kidonda: atachanganyikiwa, ataona vitu visivyokuwepo, moyo utaenda mbio. Wapo wanaouchanganya kwenye dawa za pumu za kienyeji. Vidonge vingine vya dukani vina tabia ya namna hiyo kwa kiwango kidogo: Piriton ya mafua, promethazini, amitriptilini. Mzee anayepewa Piriton kila usiku ili alale anaweza kuwa anaongezewa usahaulifu na watu wanaompenda. Muulizeni daktari kabla ya kuacha dawa aliyoandikiwa, lakini muulizeni.

Kuhusu vibali, watu hutazama chupa wakiona nembo au namba ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, wakadhani serikali imethibitisha kwamba dawa inaponya. Tulijifunza tofauti hiyo mwaka 2021, wimbi la pili la korona lilipokuwa kali na dawa ya mitishamba ya COVIDEX ikawa inagombewa madukani. NDA iliiruhusu kama tiba ya kusaidia katika maambukizi ya virusi, na ikasema wazi kwamba haikuwa imethibitishwa kutibu korona. Kuruhusiwa sokoni ni ngazi moja, kuthibitika kutibu ugonjwa fulani ni ngazi nyingine iliyo juu sana. Tangu 2019 Uganda ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala inayowatambua waganga na kutaka wasajiliwe, na hiyo ni hatua njema. Hata hivyo usajili wa mganga ni wa mtu. Chupa yake inabaki na swali lake.

Yule abiria wa basi afanye nini sasa? Ampeleke mama kliniki. Kabla ya kusema ni Alzheimer kuna vyanzo vya kusahau ambavyo vinatibika, na nchini kwetu si vichache. Virusi vya Ukimwi hushambulia ubongo. Kipimo cha kimataifa cha demensia ya Ukimwi kilichotangazwa mwaka 2005 kilijaribiwa hapa Uganda pamoja na Marekani, na wagonjwa wengi huamka wakipewa dawa za kufubaza virusi. Kaswende ya muda mrefu, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea, huzuni nzito baada ya kufiwa, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka kutoka kwenye boda boda: kila kimoja kinaweza kumfanya mtu aonekane ana Alzheimer. Hakuna jani litakalogundua hayo. Damu ikipimwa na daktari akamsikiliza mgonjwa kwa utulivu, mengi yatajulikana.

Na kwa ambao bado hawajaugua, tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilieleza mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani inahusishwa na mambo 14 yanayoweza kupunguzwa, miongoni mwake presha, kisukari, masikio yasiyosikia, sigara, pombe nyingi, majeraha ya kichwa, elimu ndogo utotoni na upweke uzeeni. Kidonge cha presha kinachomezwa kila siku bila kukosa kina ushahidi mzito kuliko mmea wowote niliotaja. Kuna nyumba ambazo pesa ya kidonge hicho huishia kwenye chupa ya basi, na hilo linaniuma.

Wala sisemi utafiti wa mimea uachwe. Fisostigmini ilitoka Afrika Magharibi, na faida yake ikaenda kwingine. Huku kwetu tunao mfano wa ngwabuzito, Prunus africana, mti ambao magome yake yalibanduliwa kote Afrika kwa ajili ya dawa ya tezi dume iliyouzwa Ulaya, hadi mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa kimataifa kwa sababu miti ilikuwa inakufa. Uganda imekuwa na kanuni za upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa faida tangu mwaka 2005, na ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu mgawanyo huo, iliyoanza kutumika Oktoba 2014. Mganga wa wilaya ya Bushenyi au ya Moyo anayejua mzizi unaomtuliza mzee anayehangaika usiku ana haki ya kuuliza maswali yake: jina langu litaandikwa wapi, sampuli itahifadhiwa wapi, kijiji kitapata nini ikiwa kitu kitapatikana. Mtafiti naye ana ya kwake: ni jani au mzizi, umechumwa mwezi gani, kiasi gani, kwa wangapi, na wangapi walidhurika. Kanuni zinataka makubaliano hayo yawepo kwa maandishi, na ridhaa ya jamii ipatikane, kabla mzizi wowote haujapelekwa maabara.